Fundi Anajibu: Vitz ya mke wangu inachemka, nami nataka kuitia rimu

*Fundi, salamu. Mke wangu ni muuguzi, tunakaa Panzi, na kila siku anakwenda kazini na Toyota Vitz yake ya mwaka 2001, otomatiki, ile ya injini ndogo ya lita moja. Aliinunua mwenyewe kabla hatujaoana na anaipenda kama nini. Siku hizi taa nyekundu ya joto inawaka mara kwa mara. Anasimama, anaongeza maji, anaendelea. Jirani ameniambia nitoe termostati (kivalvu kinachoyafungulia maji njia ya radiateri injini ikipata joto) niitupe, yatakwisha. Fundi mmoja naye anasema tubadilishe kuruwa ya distribisyo (mkanda unaoendesha vali za injini) kwa sababu gari limeshapita kilomita 100,000. Nina likizo ya wiki mbili, nataka nilitengeneze hapa hapa uani, nimshangaze: niondoe joto, nipige rangi bampa, niweke rimu za alumini na ampuli (balbu) za LED. Nianzie wapi?*
*Mume wa muuguzi, Panzi, Bukavu*

Shemeji (mwenye gari nimeshamfanya dada yangu, kwa hiyo wewe ni shemeji), mshangao tuuweke pembeni kwanza. Umenieleza mpaka habari ya bampa, lakini jambo ambalo fundi yeyote angeliuliza kabla ya kufungua boneti halimo katika barua yako: taa inawaka gari likiwa limekwama kwenye foleni ya magari pale mtaa wa Essence, au likiwa linapanda mlima? Wewe hujui, kwa sababu humo ndani haumo. Yeye anajua. Muulize leo jioni. Muulize pia kama anasikia feni ikivuma foleni inaposimama, na kila mara anaongeza maji kiasi gani, nusu chupa au bidoni nzima.

Majibu yake ndiyo yatakayokuonyesha pa kushika. Gari likichemka limesimama na kupoa likitembea, ujue hewa haipiti kwenye radiateri: feni imelala. Likichemka kwenye mlima na kutulia kwenye tambarare (ingawa tambarare ya Bukavu utaitafuta kwa tochi), maji hayazunguki sawasawa au radiateri imeziba. Na kama anamimina bidoni nzima kila baada ya siku mbili, basi maji yana mahali yanapokimbilia. Tafuta alama nyeupe au ya kijani kwenye mipira ya maji, chini ya pampu na kwenye vichwa vya plastiki vya radiateri, pale vinapobanwa na chuma.

Hata kabla ya jibu lake, mimi ningeanza na kifuniko cha radiateri. Watu wanakidharau kwa sababu ni kidogo na bei yake ni ndogo. Kwetu hapa kina kazi kubwa kuliko kule pwani. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na maji yaliyo wazi yanachemka kwa nyuzi kama 95 badala ya 100; waulize wanaopika maharage. Kifuniko kizima kinabana maji kwa presha, utaona namba imeandikwa juu yake, 0.9 au 1.1, na kwa presha hiyo maji yanapita nyuzi 110 bila kuchemka. Springi ikichoka au mpira ukipasuka, presha hakuna, na injini ambayo kazi yake ya kawaida ni nyuzi tisini hivi inabaki na nafasi ya nyuzi tano tu. Feni yenyewe inangoja tisini na kitu ndipo iwake. Sasa hesabu mwenyewe.

Kifungue asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Ikiwa moto usikiguse, hata ukiwa na kitambaa, hata ukiwa na haraka. Nimeona mikono iliyoungua kwa namna hiyo na sitaki kuona mwingine. Geuza kifuniko, tazama mpira wa chini: kama umekuwa mgumu, una mfereji au umechanika, nunua kipya chenye namba ileile. Katikati kuna kivalvu kidogo. Kivute kwa ukucha, ukikiachia kirudi chenyewe. Halafu chungulia kachupa ka akiba pembeni. Maji yakijaa humo gari likiwa moto na asubuhi hayajarudi kwenye radiateri, mkosaji wa kwanza ni huyo huyo kifuniko.

Feni si kazi ya siku nzima. Washa injini, washa klimatizeri (kiyoyozi). Feni inapaswa kuzunguka hapo hapo. Isipozunguka, angalia fizibo (fyuzi), kisha rele (swichi inayoendeshwa na umeme), kisha chukua nyaya mbili uipe feni umeme moja kwa moja kutoka kwenye batri, vidole vikiwa mbali na mapanga yake. Ikizunguka, motari yake ni nzima na kosa liko kwenye rele, kwenye nyaya au kwenye kihisio cha joto. Ikikataa, sharboni (vipande vya kaboni vinavyopeleka umeme ndani ya motari) zimeisha au motari imeungua. Na tafadhali, asitokee mtu wa kukufungia swichi ya feni kwenye dashibodi, ile ya kuwasha kwa kidole. Najua nusu ya magari ya mji huu yanatembea hivyo. Dada anatoka zamu ya usiku, macho yamejaa usingizi, halafu awe pia ndiye wa kukumbuka kuwasha feni?

Radiateri yenyewe, isogezee taa kwa upande wa injini usiku, wewe usimame mbele ya gari. Mahali ambapo mwanga haupiti kumejaa udongo mwekundu, vumbi na wadudu. Kuosha ni kutoka upande wa injini kuelekea nje, kwa mpira wa maji wa kawaida. Mashine ya presha ya wale vijana wa kuosha magari inalaza mapezi (vile vibati vyembamba vya radiateri), na pezi lililolala halipitishi hewa tena.

Sasa termostati ya jirani yako. Usiitupe. Ukiiondoa, asubuhi injini inachukua muda mrefu kupata joto lake, kompyuta inaendelea kuimwagia esansi (petroli) kana kwamba ndiyo kwanza imeamka, mafuta ya injini yanachafuka upesi, na dada anaanza kulalamika kwamba gari linakunywa. Ipime. Itoe, ifunge kamba, ining'inize ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula (jiko la makaa) bila kugusa chini. Juu yake pamegongwa namba, mara nyingi 82. Kabla sufuria haijatokota lazima uione ikifunguka, taratibu, kama milimita nane au zaidi. Maji yakitokota nayo bado imefumba macho, imekufa. Nunua nyingine ya namba ileile na jointi yake mpya. Usirudishe jointi ya zamani kwa kuipaka silikoni.

Ukirudisha maji, usichote ziwani. Maji ya Kivu yana chumvi nyingi za madini na yanaacha ukoko ndani ya radiateri. Kama hupati maji ya radiateri ya kununua, yale yenye rangi, basi maji safi ya mvua ni afadhali. Ila ya rangi yanazuia pia kutu na kulinda pampu, kwa hiyo yatafute. Jaza polepole injini ikiwa baridi, hita ikiwa imefunguliwa upande wa moto, kisha washa bila kifuniko na uache mapovu ya hewa yatoke hadi feni iwake na kuzima. Hewa ikibaki ndani, utarudi kuniandikia kwamba kila kitu ni kipya na gari bado linachemka.

Lakini mapovu yakiendelea kutoka bila kukoma, ukakuta na utando mweupe kama mayonezi chini ya kifuniko cha mafuta ya injini, au moshi mweupe mzito unatoka nyuma hata injini ikiwa moto, hapo funga boneti. Hiyo ni jointi ya kulasi, inayokaa kati ya bloku na kichwa cha injini, na kichwa chenyewe kitahitaji kupimwa kama kimepinda. Si kazi ya uani. Na dada asiliendeshe tena hadi lifunguliwe.

Kuhusu kuruwa ya distribisyo: Vitz ya lita moja ya mwaka huo ina injini ya 1SZ-FE, na injini hiyo inatumia mnyororo. Kuruwa hiyo haimo. Mkanda unaouona pembeni ni wa alternateri na wenzake. Ukipasuka-pasuka ubadilishe, ni kazi ya saa moja. Huyo fundi mrudie umwombe akuonyeshe kwa kidole hiyo kuruwa anayotaka kuibadilisha. Sisemi ni mwizi. Huenda amezoea Toyota Starlet, ambayo kweli inayo.

Rimu, hapana. Rimu kubwa na tairi nyembamba kwa barabara ya Panzi? Pesa hiyo itie kwenye tairi zenyewe. Soma ubavuni: kuna tarakimu nne ndani ya duara refu, 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi nyingi zinazouzwa hapa zimeshatumika huko zilikotoka, zimeng'arishwa kwa rangi nyeusi, na ukisoma tarehe unakuta zina umri wa mtoto anayemaliza shule ya msingi. Pesa ikibaki, badilisha mafuta ya breki. Yanakunywa unyevu wa hewa, na miteremko yetu inayapasha moto: DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inachemka kwa nyuzi 205, ikishalowa maji inashuka mpaka 140, na yakichemka pedali inazama chini mguu ukiwa juu yake. Kila miaka miwili yatolewe yote. Mwambie dada pia kwamba kwenye mteremko mrefu ateremshe levya kutoka D hadi 2 au L, injini ishike gari, breki zipumue.

Bampa paka rangi unayotaka. Hiyo haina neno, alimradi umemuuliza rangi. Na siku ya kufungua gari mpangie pamoja, kwa sababu Vitz iliyofunguliwa Jumapili mchana bila piesi (vipuri) mkononi ni muuguzi anayepanda pikipiki Jumatatu alfajiri kwenye mvua. Habari ya LED, soma jibu la mama wa Bagira hapa chini.

*Fundi, mume wangu amekaza kebo ya breki ya mkono ya Starlet yangu mpaka imefika mwisho, bado gari linateleza nikiegesha. Ninatembea na jiwe kwenye buti. Nifanye nini?*
*Mwalimu, Kadutu*

Mwalimu, jiwe usilitupe bado, mji huu ni wa jiwe. Lakini mwambie baba alegeze kebo yote, kabisa. Kebo inakazwa mwisho, si mwanzo. Nyuma kuna tamburu (ngoma ya breki), ndani ya tamburu kuna mabati ya breki, na kati ya mabati kuna kigurudumu chenye meno kinachoyasogeza. Avue tamburu, apige brashi vumbi lililolowa (asilipulize kwa mdomo, si zuri kwa mapafu), aangalie kama mabati yamekwisha au yamelowa mafuta, kisha azungushe kigurudumu hicho hadi tamburu ikirudi iguse kidogo tu inapozungushwa kwa mkono. Afanye pande zote mbili. Ndipo sasa akaze kebo.

Uani kwenu kukiwa na mteremko, kazi hii isifanyike hapo. Breki ya mkono imelegezwa, magurudumu ya nyuma yako hewani: gari linashikwa na nini? Mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, vitesi (gia) ya kwanza ndani, na gari likae juu ya shandeli (stendi za chuma) mbili imara. Kriki (jeki) ni ya kuinua tu. Matofali pia hayafai, yanapasuka bila kutoa taarifa.

*Fundi, bwana wangu amenitilia ampuli za LED kwenye Vitz, anasema ni kuniboreshea. Tangu hapo kila gari ninalokutana nalo usiku linaniwashia taa kwa hasira. Nikimwambia, anasema watu wana wivu.*
*Mama wa Bagira*

Mama, si wivu, wanaumia macho. Gari lako limetoka Japani, usukani kulia, na taa zake zimetengenezwa kwa nchi inayopita kushoto. Mwambie bwana asimamishe gari usiku mahali pa sawa, mita tano hivi kutoka ukutani, awashe taa fupi. Ataona mstari wa mwanga umelala, halafu upande wa kushoto unapanda. Kule Japani mkono huo unamulika kando ya barabara, wanakopita wenye miguu. Sisi hapa Kongo tunapita kulia, kwa hiyo unaingia moja kwa moja machoni pa anayekuja. Kwa ampuli ya kawaida watu walivumilia. Taa hiyo ilipimiwa waya mdogo wa halojeni. LED inawaka kwa umbo jingine, kioo kinatawanya mwanga ovyo, na ule mkono wa kushoto umekuwa mkali maradufu.

Arudishe halojeni, kama ni H4 (ampuli moja yenye taa fupi na ndefu) iwe ya wati 60/55, si zaidi, kwa sababu soketi za zamani zinayeyuka. Kama kioo cha taa kimekuwa cha njano, asugue kwa karatasi ya msasa laini yenye maji, namba 1000 kisha 2000, amalizie kwa polishi na kukipaka varnishi inayozuia jua. Mara nyingi mwanga mliokuwa mnautafuta umejificha hapo. Na akitaka kweli kukuboreshea, atafute taa za Yaris ya Ulaya ya miaka ileile, 1999 hadi 2005. Ni gari lilelile kwa jina jingine, na zile za nchi zinazopita kulia mkono wake unapanda kulia. Alinganishe vishikio na soketi na za kwako kabla ya kulipa, kisha arudi ukutani apime upya.