Re: Windsor na kurudi London siku hiyohiyo

Salaam mkuu. Unataka kumpeleka mama Windsor Jumapili aone kaburi la Malkia Elizabeth II, na magoti yanamsumbua. Kwanza badilisha siku: Jumapili kanisa la St George, lililo ndani ya Kasri la Windsor na ndiko alikozikwa, ni ibada tu, watalii hawaingii. Jumanne na Jumatano kasri lote hufungwa. Alhamisi ni nzuri.

Treni ya kutoka kituo cha Waterloo, London, hubadilishi njiani, ila inawashusha chini mtoni, kisha kilima. Kwa mama, mimi ningepanda kituo cha Paddington, nibadilishe treni Slough. Inawaacha karibu na kasri. Begi liwe dogo, ukaguzi ni wa uwanja wa ndege kabisa. Kaburi ni jiwe jeusi sakafuni lenye majina manne, utalipita usipoangalia. Picha humo hawaruhusu.