Fundi Umeme Anajibu: Betri mpya, gari bado haiwaki

SWALI: Fundi habari za kazi. Tuna Noah ya 2003, ndio gari ya familia, inapeleka watoto shule na mimi kazini. Shida ni kwamba ikilala Ijumaa ikifika Jumatatu asubuhi haiwaki, inafanya tik tik tik tu mpaka majirani waje kuibusti. Nimenunua betri mpya ikakaa vizuri siku chache ikarudia vilevile, fundi akasema altaneta nikanunua ya mtumba, bado. Sasa anasema ni kompyuta ya gari. Nisaidie kabla sijatoa hela tena. Mama wa watoto watatu, Tanga.

JIBU: Pole sana dada yangu, na hiyo kompyuta mwambie aiache kwanza, maana mpaka hapo umeshanunua vitu viwili na katika maelezo yako sijaona sehemu hata moja ambayo mtu alipima. Hili linaniuma sana kwenye kazi yetu. Umeme unapimika, maltimita ya kawaida haina bei ya kutisha na bei ya betri moja inanunua kadhaa, kwahiyo fundi umeme asiye na mita usimruhusu akubadilishie kitu.

Anza hivi. Gari ikiwa imelala usiku mzima pima betri kwenye teminali zake, ikisoma volti 12.6 imejaa, 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 imeisha. Halafu washa gari upime tena palepale, ikiwa kati ya 13.8 na 14.5 basi altaneta inachaji na hiyo ya zamani huenda haikuwa na kosa lolote. Kama ndivyo, gari yako inachaji vizuri mchana ila kuna kitu kinakula umeme ukiwa umezima.

Sasa angalia hesabu yenyewe. Gari nzima ikizimwa inatakiwa ivute umeme kidogo sana, chini ya ampea 0.05, wa saa na kumbukumbu za kompyuta. Tuseme kuna kitu kinavuta nusu ampea, kidogo tu, hata globu ndogo inavuta hivyo. Toka Ijumaa saa 12 jioni mpaka Jumatatu saa 12 asubuhi ni masaa 60, mara nusu ni ampea-saa 30, na betri yako kama ni ya 45 unabaki na 15, stata haizunguki hapo, unasikia tik tik tik. Ndio maana siku za kazi huoni shida, kwasababu kila siku unairudishia kidogo.

Kumtafuta mwizi: toa funguo, funga milango yote, boneti iache wazi. Legeza waya wa negativu kwa spana namba 10 uutoe, weka mita kwenye ampea 10 (waya mwekundu wa mita uhamishie kwenye tundu la 10A), ncha moja iguse waya uliotoa na nyingine iguse nguzo ya negativu ya betri. Subiri kama nusu saa, kompyuta zinachelewa kulala, ukisoma haraka utaona namba kubwa uanze kulaumu kitu kisicho na kosa. Na tafadhali usiwashe gari mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi ya mita. Ikikaa juu ya 0.05, chomoa fyuzi moja moja, ile ambayo ukiichomoa namba inashuka ghafla ndio njia yenyewe. Ukichomoa zote na namba haishuki, toa ule waya mnene wa altaneta, kwasababu dayodi za altaneta (vile vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) zikiharibika zinavujisha umeme gari ikiwa imezimwa japo mchana inachaji kama kawaida, na ya mtumba hujui ilitoka na hali gani.

Mimi ningeanza na fyuzi ya redio. Gari zetu zimetoka Japani na redio za kule FM yake inaanzia 76 wakati stesheni zetu ziko 88 mpaka 108, kwahiyo karibu kila gari ikifika inabadilishwa redio au inapachikwa kile kiboksi cha kuongeza masafa, na hapo ndipo waya zinakatwa. Redio nyingi za dukani waya wa njano ni wa umeme wa muda wote na mwekundu ni wa kufuata funguo. Fundi akiunga vyote viwili pamoja kwenye umeme wa muda wote, redio hailali kamwe. Baada ya redio angalia alamu, halafu ile taa ya buti ambayo huioni ukishafunga.

SWALI: Shikamoo fundi. Spacio yangu nikiwasha indiketa taa za dashibodi zinachezacheza nayo, waipa zinajikokota na taa moja ya mbele ni hafifu. Niko Kigamboni.

JIBU: Marahaba mwanangu. Vitu vitatu tofauti haviharibiki siku moja, angalia ethi. Umeme ukitoka betri lazima urudi, unarudi kwa kupitia bodi na zile waya fupi zinazofungwa kwenye injini na chasi, na hewa ya bahari inazila pole pole mpaka chini ya bolti panakuwa na kutu na ungaunga wa kijani. Washa taa kubwa, ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri, nyingine kwenye chuma cha bodi palipokwanguliwa rangi, isome karibu na sifuri. Ikizidi volti 0.2 umeshaipata. Fungua bolti, piga msasa mpaka chuma king'ae, kaza, paka grisi juu.

SWALI: Fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila mara, fundi kaweka ya 30 sasa haiungui. Ni sawa?

JIBU: Hapana, itoe leo hii kabla mtu hajapanda tena. Pale kwa kawaida inakaa ya 10, nyekundu. Fyuzi inalinda waya, ukiweka ya 30 ya kijani waya ndio utaungua kwanza, na waya unapita chini ya kapeti na viti. Gari za mlango wa nyuma wa kunyanyua nenda moja kwa moja kwenye ule mpira unaopitisha waya kati ya bodi na mlango, uvute utoke, utakuta waya zimepasuka ngozi kwa kufunguliwa na kufungwa miaka yote hiyo, shaba inagusa chuma. Usizungushie tepu tu. Kata palipochoka, ongeza kipande cha waya wa unene uleule, piga solda, vika kila mmoja mpira wake, ndipo urudishe fyuzi ya 10 na ufungue na kufunga mlango mara kadhaa taa zikiwa zinawaka.