Viza ya mchumba au ya mke?

Dada, umeuliza kama mchumba wako, ambaye ni raia wa Marekani, akuombee viza ya mchumba ya K-1 au mfunge ndoa kwanza hapa Dar es Salaam ndipo akuombee kama mke. Kwa maoni yangu, ikiwa mnaweza kuvumilia kungoja, fungeni ndoa kwanza. K-1 inawataka muoane ndani ya siku 90 tangu uingie Marekani, kisha uanze kuomba ukaazi wa kudumu kwa fomu na ada nyingine, na katika kipindi hicho huwezi kuajiriwa mpaka upate kibali cha kazi, wala kuja nyumbani, hata kwa msiba, bila ruhusa ya safari iliyoombwa mapema, la sivyo ombi lako huhesabiwa kuwa umeliacha. Mke aliyeombewa kwa fomu I-130 huingia akiwa mkaazi wa kudumu tayari; ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku hiyo, kadi yake ya ukaazi huwa ya masharti.

Jambo moja wengi hulisahau: ikiwa nikaha imekwisha kusomwa, hata kimyakimya sebuleni kwa wazee, wewe si mchumba tena, kwa kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, na K-1 haikuhusu. Taarifa ya kusudio la kufunga ndoa nayo hutolewa siku 21 kabla, kwa hiyo mwenzako asikate tiketi ya wiki mbili.