Wahakiki pekee hawamzuii mwandishi anayetunga habari

Ndugu uliyeuliza kama kuajiri wahakiki wengi, yaani watu wanaokagua ukweli wa makala kabla haijachapishwa, kunatosha kuzuia habari za kutunga, nimekaa miaka mingi kwenye dawati la uhariri wa makala hapa Dar es Salaam, na jibu langu ni kwamba hakutoshi.

Jarida la Der Spiegel la Ujerumani lina idara ya uhakiki inayosifika duniani, lakini Claas Relotius alipitisha humo makala kadhaa zenye watu na maneno ya kubuni, hadi jarida lenyewe lilipotangaza uongo huo Desemba 2018. Mhakiki aliyeko ofisini huweza kuthibitisha tarehe, umbali na jina la mji. Kauli ambayo mwandishi anadai aliambiwa faraghani ina shahidi mmoja tu, naye ni mwandishi huyohuyo. Aliyemfichua Relotius ni Juan Moreno, mwandishi mwenzake katika makala kuhusu mpaka wa Marekani na Meksiko. Wakubwa hawakumwamini, ikambidi aende Arizona kuwarekodi kwa video watu waliotajwa, nao wakakana kuwahi kukutana na Relotius. Hilo ndilo linaloniuma zaidi: mwenye shaka ndiye aliyehojiwa kwanza, kwa kuwa mtuhumiwa alikuwa na tuzo.

Kwenye dawati letu, kabla makala haijapangwa ukurasani, mwandishi huleta daftari na namba za simu, na mhariri huchagua mtu mmoja au wawili awapigie, awasomee maneno yao. Chanzo kinachohitaji kulindwa hujulikana kwa mhariri mmoja tu. Niliwahi kumpigia mama muuza samaki wa Feri ambaye makala ilimnukuu akiilalamikia bahari kwa maneno matamu mno. Akasema mwandishi alifika kweli, ila yeye alilalamikia bei ya barafu. Tuliandika bei ya barafu.

Kuhusu uwajibikaji, Der Spiegel lilichapisha Mei 2019 ripoti ya tume iliyoeleza waziwazi udhaifu wa wahariri wake. Kwetu masahihisho hufichwa pembeni mwa ukurasa wa ndani, na msomaji aliyesingiziwa hajui aanzie wapi. Baraza la Habari Tanzania hupokea malalamiko na kusuluhisha, lakini napendekeza kila gazeti lichapishe, ukurasa wa pili, jina na namba ya mtu wa kupokea malalamiko ambaye hawajibiki kwa mhariri wa dawati linalolalamikiwa, na masahihisho yatokee ukurasa uleule uliobeba kosa.