Nilivyosoma elimu ya wadudu kwa masafa nikiwa Kongwa, na ninachomshauri anayetaka kuanza

Mzee mmoja wa Kibaigwa, hapa wilayani Kongwa, Dodoma, alinifuata ofisini akiwa na kopo la maziwa ya unga mkononi. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaweka kopo mezani na kufungua kifuniko. "Bwana shamba, fukusi wa mwaka huu wana laana. Dawa nimeweka, nimeongeza, hawafi." Ndani ya kopo unga ulikuwa mwingi kuliko punje.

Miaka miwili kabla ya siku hiyo ningemwambia abadilishe duka analonunulia dawa, kisha ningemsindikiza mlangoni. Safari hii nilitoa lenzi ya mkono ya kukuza mara 10, nikachukua mdudu mmoja, nikamlaza kwenye karatasi nyeupe. Fukusi ana pua ndefu kama mkonga. Huyu hakuwa nayo. Alikuwa na umbo la silinda, kichwa kimefichwa chini ya kifua kiasi kwamba ukimtazama kwa juu hukioni, na nyuma amekatika wima kama gogo lililopigwa msumeno. Alikuwa dumuzi, mgeni kutoka Amerika ya Kati aliyegunduliwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dawa ya mzee ilikuwa na kiambato kimoja, pirimifosi-methili, ambacho humweza fukusi lakini kwa dumuzi ni dhaifu. Dumuzi humwezwa na pemethrini, ndiyo maana kuna dawa za vumbi zinazochanganya viambato hivyo viwili. Isitoshe, mzee alikuwa anahifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, na dumuzi hupenda sana gunzi kwa sababu punje zimeshikana na hazimtelezi anapotoboa. Nilimwambia apukuchue kwanza, apepete, kisha aweke dawa inayofaa au atumie mifuko isiyopitisha hewa.

Nimeanza na kopo hilo kwa sababu wengi wananiuliza: je, elimu ya wadudu inasomeka kweli kwa masafa? Mdudu si hesabu. Lazima umshike. Jibu langu ni kwamba inasomeka, ila kwa sharti moja ambalo sikuambiwa na mtu yeyote: kazi ya mikono ambayo mwanafunzi wa chuoni anaikuta maabara, wewe utaijenga mwenyewe hapo ulipo, na uianze kabla hujalipa hata senti ya ada.

Nilikuwa na shahada ya kwanza ya kilimo na kazi ya ugani. Nyumbani nina watoto, kwa hiyo kwenda kukaa chuoni miaka miwili halikuwa jambo la kufikiria. Nikatafuta shahada ya uzamili ya entomolojia, yaani elimu ya wadudu, ambayo mtu anaimaliza akiwa kwake. Vyuo vya namna hiyo si vingi duniani. Marekani, kwa mfano, Chuo Kikuu cha Nebraska kilichoko Lincoln na Chuo Kikuu cha Florida vyote vina shahada ya uzamili ya wadudu inayosomwa kwa mtandao. Chuo nilichosoma mimi sitakitaja, maana humu nitaeleza na mambo yaliyoniumiza, na kulalamika si shabaha yangu.

Kabla ya kulipa, fanya mambo mawili. La kwanza, waulize TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, kama tuzo ya chuo hicho, kwa njia hiyo ya masafa, itatambuliwa hapa nchini. Uliza kwa maandishi na utunze jibu. La pili, pata barua ya mwajiri. Usidhani kwamba kwa kuwa unasomea nyumbani usiku basi mwajiri hahusiki. Siku ya kuomba kubadilishiwa muundo wa utumishi, barua hiyo ndiyo itakayotafutwa kwenye jalada.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Somo la kwanza karibu kila mahali ni utambuzi wa wadudu, na ndani yake unatakiwa kutengeneza mkusanyo wako. Mimi nilidhani mkusanyo ni kukamata tu. Nilitumia mhula mzima kujifunza kwamba kukamata ndiyo sehemu rahisi.

Nilianza na kiwavijeshi vamizi, mdudu aliyeingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu mwaka uliofuata. Nilimtoa kwenye moyo wa mmea wa mahindi, nikamtumbukiza kwenye chupa ya spiriti, nikafurahi. Baada ya siku tatu alikuwa mweusi kama mkaa. Zile alama zinazomtambulisha, yaani herufi Y iliyopinduliwa kwenye paji na madoa manne meusi yaliyopangika mraba karibu na mkia, hazikuonekana tena. Nilirudia mara tatu na mara tatu akaharibika. Ndipo nilipojua kwamba kiwavi na buu yeyote mwenye mwili laini huchovywa kwanza kwenye maji yaliyotoka kuchemka, kwa muda mfupi tu, halafu ndipo anaingia kwenye spiriti. Maji ya moto huzuia mwili usioze kwa ndani, na rangi inabaki. Tangu hapo nina sufuria ndogo ya wadudu, haichanganywi na za jikoni, na mke wangu ameiwekea alama ya rangi nyekundu kwenye mpini.

Spiriti yenyewe nunua ya hospitali, isiyo na rangi, ya asilimia 70 au zaidi kidogo. Ile ya rangi ya kuwashia majiko itakupaka wadudu rangi. Na lebo iandike kwa penseli, uiweke ndani ya chupa pamoja na mdudu. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti. Nina chupa sita za msimu wa kwanza zenye maji ya bluu na karatasi tupu. Wadudu wake wazima kabisa, lakini sijui walitoka shamba gani wala tarehe gani, kwa hiyo kisayansi hawana thamani. Lebo nzuri ni fupi: nchi, mkoa, wilaya, kijiji, tarehe, mmea au mahali ulipomkuta, na jina lako. Mwezi uandike kwa namba za Kirumi ili asiyekujua asichanganye siku na mwezi.

Wadudu wagumu hutobolewa pini. Usitumie pini za cherehani. Ni nene, na zinashika kutu ndani ya mwezi. Agiza pini za wadudu, namba 2 au 3 zinatosha kwa wengi. Mbawakawa hutobolewa kwenye bawa gumu la kulia, karibu na kifua, wala si katikati. Sababu yake ni kwamba upande mmoja ukiharibika, wa pili unabaki mzima kwa atakayekuja kumchunguza. Kipepeo hutobolewa katikati ya kifua. Nzi na nyigu, kulia kidogo mwa mstari wa katikati. Mkono wako utatetemeka wiki za kwanza. Utazoea.

Halafu kuna sisimizi. Niliacha wadudu 40 wakikauka kwenye ubao sebuleni, asubuhi nikakuta mbawa na miguu tu. Kazi ya wiki tano. Nilikaa chini nikashindwa hata kunywa chai. Siku hiyo hiyo niliweka kila mguu wa meza ndani ya kopo lenye maji na tone la mafuta, na tangu hapo sijapoteza hata mmoja. Mkusanyo ukishakauka, weka kwenye sanduku linalofunga sawasawa pamoja na naftalini, na ulifungue kila mwezi ulikague. Kuna mbawakawa wadogo ambao kazi yao duniani ni kula vitu vikavu, na mkusanyo wako kwao ni karamu.

Kuhusu hadubini, usikimbilie sekondari ya kata kama nilivyofanya. Mwalimu wa baiolojia alinipokea vizuri sana, lakini hadubini ya shule imetengenezwa kwa vitu vyembamba vinavyopitisha mwanga kutoka chini. Mbawakawa pale anaonekana kivuli cheusi. Tulifanikiwa kidogo kwa kutumia lenzi ya chini kabisa na kumulika tochi kwa juu, ila shingo iliniuma. Kinachofaa ni hadubini ya kupasulia, ambayo ni ghali, au ile ndogo ya kuchomeka kwenye kompyuta, ambayo mtumishi wa kawaida akijibana anaweza kuimudu. Nimesoma asilimia kubwa ya masomo yangu kwa lenzi ya mkono na hiyo ndogo ya kuchomeka.

Usikubali kutuma wadudu nje ya nchi kwa posta ili wasahihishwe. Kuna vibali vya kutoa sampuli hapa na vya kuziingiza huko, na usumbufu wake haulingani na alama utakazopata. Mwandikie mhadhiri wiki ya kwanza, mwombe akubali picha: mdudu kwa juu, kwa ubavu, kwa chini, na lebo. Wangu alikubali bila shida.

Kuna jambo lililonisumbua zaidi ya yote hayo. Funguo za utambuzi tulizopewa, yaani maswali ya hatua kwa hatua yanayokufikisha kwenye jina la mdudu, ziliandikwa kwa ajili ya wadudu wa Amerika ya Kaskazini. Kwa kutambua oda, yaani kundi kubwa la mdudu, hakuna tatizo, maana mbawakawa ni mbawakawa popote. Ukishuka hadi familia unaanza kupapasa, na kwenye spishi ufunguo unakupeleka kwa mdudu ambaye hajawahi kuishi bara hili, tena bila kukuonya. Nilipoteza alama kwa panzi watatu kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kutafuta watu walio karibu. Wataalamu wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, pale Ngaramtoni, Arusha, ambako wengi bado tunapaita TPRI, wanawajua wadudu wa mazao yetu kwa sura. Nairobi kuna icipe, kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, na Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana mkusanyo mkubwa wa wadudu wa ukanda huu. Andika barua pepe yenye picha nzuri na lebo kamili. Watu wa wadudu wana ukarimu wa ajabu kwa anayeonyesha kwamba amefanya kazi yake.

Hiyo icipe ilianzishwa mwaka 1970 na Thomas Odhiambo, Mkenya, na nataka niseme jambo juu yake. Usiku mmoja wa saa nane nilikuwa nasikiliza mhadhara wa udhibiti wa wadudu bila kutegemea sumu. Mhadhiri akaweka picha ya shamba la mahindi lenye desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari na matete pembezoni. Desmodiamu huwafukuza kwa harufu nondo wa funza wa mabua, na mizizi yake huzuia kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mazao, kushika mahindi. Matete huwavuta nondo hao wakatage huko, kisha hutoa ute unaowanasa viwavi wachanga. Utafiti huo ulikuzwa Mbita, Kenya, kando ya Ziwa Victoria. Nilikuwa nimelipa dola, nimekesha, kuambiwa habari ya Mbita. Nilisikia uchungu, halafu nikasikia fahari, na asubuhi yake nilianza kuuliza mbegu za desmodiamu zinapatikana wapi. Kongwa kiduha tunacho.

Saa ni adui mwingine. Chuo changu kiko katikati ya Marekani: tofauti ni saa 9 kuanzia Novemba hadi Machi, na saa 8 miezi iliyobaki, kwa sababu wenzetu wanasogeza saa zao. Kazi inayotakiwa kabla ya usiku wa manane wa kule, hapa mwisho wake ni saa 3 asubuhi. Ila Jumapili ya pili ya Machi mwisho huo unakuwa saa 2, na kompyuta haikuamshi kukuambia. Nilikosa kazi moja namna hiyo. Na kuhusu mitihani inayosimamiwa kwa kamera, mwambie mhadhiri mapema, kabla mhula haujaanza, kwamba umeme wa kwako hukatika. Ukimwambia baada ya kukatika inasikika kama kisingizio. Uwe na bando kwenye simu ya pili, iliyochajiwa.

Wapo watakaokuuliza shahada hii itakupa cheo gani. Sina jibu zuri. Ninachojua ni kwamba niliwahi kumwambia mama mmoja apulizie kunde zake dawa kwa sababu ya mabuu weusi wenye miiba, wanaofanana na mamba wadogo. Sasa najua mabuu wale ni watoto wa wale wadudu wa mviringo, wekundu wenye madoa meusi, na walikuwa wanamlia vidukari bure. Nilirudi kwake nikamwambia nilikosea. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi mwakani uje kabla sijapulizia."

Nilikwenda. Tulikaa kwenye matuta karibu saa nzima na lenzi yangu, yeye akishika jani, mimi nikihesabu, na mjukuu wake akiandika kwenye daftari: vidukari, buu mweusi, vidukari, yai, yai.

Kama umeamua kuanza, subiri mvua ya kwanza ya Desemba. Jioni hiyo tundika shuka jeupe ukutani chini ya taa ya nje, weka kiti, chupa tatu na penseli, na ukae mpaka saa sita usiku. Kumbikumbi watakuja kwanza na watakuwa wengi mno. Wavumilie. Wanaokuja baada yao ndio wa kuandikia lebo.