Michikichi ya Malaysia ilitoka wapi?
Ndugu, umesema Malaysia walichukua mbegu za michikichi hapa Kigoma. Hadithi hiyo tunaipenda sana huku, ila mashamba yao yalianzia kwenye miche 4 iliyotoka Afrika ikapandwa bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java (Indonesia ya leo), mwaka 1848. Uzao wake ukaenda kisiwa jirani cha Sumatra, kisha Malaysia.

Kinachonivutia zaidi ni mdudu! Michikichi ilivuka bahari bila yule fukusi mdogo anayebeba chavua, kwa hiyo vibarua walipita mti kwa mti wakichavusha maua kwa mikono. Mwaka 1981 Malaysia wakamleta fukusi huyo kutoka Kameruni, akaifanya kazi hiyo bure.

Nasi pia tuna mazao yaliyovuka bahari: muhogo tunaosongea ugali Wareno waliutoa Brazili.