Kuyeyusha alumini nyumbani Lubumbashi: ya kuweka sawa kabla ya kuwasha makala

Mtu anayetaka kuanza kusubu alumini (kuiyeyusha na kuimimina kwenye umbo) kwenye parsele yake, Katuba au Ruashi, swali lake la kwanza huwa ni tanuri. Tanuri ndilo jepesi. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660, na makala yakipulizwa vizuri hupita nyuzi 1,000 bila kulalamika. Kinachoharibu kazi na kuchoma watu ni vitu viwili vingine: kutojua mitraye (chuma chakavu) uliyonunua ni ya aina gani, na maji yaliyojificha usipoyatarajia.

Tuanze na maji. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Tone likianguka juu ya alumini ya moto huchemka na kwisha. Lakini tone lililofunikwa na alumini halina pa kutokea isipokuwa kuirusha alumini yenyewe, na huirusha mpaka usoni. Sasa angalia yanapokaa: ndani ya kipande chenye tundu la skrubu, kwenye kutu ya chuma cha pembe unachotaka kumiminia vipande vya akiba, kwenye kijiko cha kuondolea takataka kilicholala nje usiku, ndani ya sakafu ya sementi. Sakafu ya sementi hata ikionekana kavu ina unyevu ndani, na alumini ikimwagika juu yake hupasuka na kurusha vipande. Kwa hiyo fanya kazi juu ya kitanda cha mchanga mkavu wa unene wa sentimita 5 au zaidi, na kila chombo na kila kipande kitakachogusa alumini iliyoyeyuka kikae kwanza ukingoni mwa tanuri mpaka kipate moto. Hakuna aliyesamehewa kanuni hii. Ndoo ya maji isikae karibu. Ya kuzimia moto iwe ndoo ya mchanga mkavu. Ndiyo maana tunashauri anayeanza aanze kiangazi, kati ya Mei na Septemba. Masika ya Lubumbashi hulowesha kila kitu, hata makala yenyewe.

Mitraye. Alumini zote si moja. Pistoni, vichwa vya injini, makasha ya gia na rimu za magari zilizosubiwa zina silikoni ndani yake, na silikoni ndiyo inayoifanya alumini itiririke mpaka kwenye kona za umbo. Hizo ndizo za kutafuta. Fremu za madirisha na nyaya za umeme ni alumini laini, inaganda haraka na kujaza umbo vibaya. Ukiwa nazo, changanya kidogo na pistoni. Makopo ya bia yanawavutia wengi kwa sababu ni bei ya chini, lakini ni membamba na yana rangi, kwa hiyo sehemu kubwa inaungua na kuwa takataka ya kijivu. Ukihesabu makala uliyotumia, makopo ni ghali.

Pistoni zina pete za chuma na pini, zitoe kwanza. Zikibaki, chuma huyeyukia ndani ya alumini polepole na kuifanya ivunjike kama biskuti.

Kuna vya kukataa kabisa. Magnesiamu hufanana na alumini lakini ni nyepesi zaidi, na ikishika moto huwezi kuizima kwa maji. Kwangua sehemu kidogo, dondoshea siki: ikitoa mapovu, irudishe kwa muuzaji. Ukikuta kipande kizito mno kwa ukubwa wake, kama kabureta fulani za zamani au vishikio vya milango, hicho ni zinki. Vitu vilivyofungwa pande zote, kama shokamzoba na makopo ya dawa za kupuliza, hulipuka. Na katika rundo la mitraye wakati mwingine hutokea maganda ya risasi na mabaki mengine ya kijeshi. Hayo usiyachague wala kuyachokonoa, hata kama muuzaji anaapa kuwa ni matupu.

Kisha kuna swali la sufuria. Kila anayeanza anataka kutengeneza sufuria ya bukari, kwa sababu soko lipo. Sisi tunasema hapana, si mwanzoni, na si kwa mitraye mchanganyiko. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2014 kuhusu sufuria za alumini chakavu zinazosubiwa Kamerun ulikuta risasi, ile ya kwenye betri, ikitoka kwenye sufuria na kuingia katika maji yenye asidi yaliyochemshwa ndani yake kuiga mapishi. Rejeta zilizoungwa kwa solda na vipande vya elektroniki ndivyo vinavyoweza kuileta, na ikishayeyuka humo huwezi kuiona wala kuitoa. Tengeneza puli ya mota, mpini wa mlango, mguu wa meza. Vitu visivyopikiwa.

Tanuri lenyewe: chukua ndoo kubwa ya chuma au nusu ya pipa, utie kuta za udongo wa kichuguu. Udongo huo Katanga tunao tele, na wasubu wa shaba wa zamani waliujengea matanuri yao. Changanya sehemu mbili za udongo uliopondwa na kuchekechwa, sehemu moja ya mchanga, na sehemu moja ya tofali lililochomwa na kusagwa. Tofali hilo huzuia nyufa. Ukuta uwe na unene wa sentimita 6 hadi 8. Kati ya chungu cha kuyeyushia na ukuta acha sentimita 5 pande zote, ndipo makala yanapokaa. Bomba la upepo, la upana wa sentimita 4 hivi, liingie sentimita 5 juu ya sakafu ya tanuri, na liingie kwa upande badala ya kuelekea katikati, ili moto uzunguke chungu. Likielekea katikati linatoboa sehemu moja ya chungu kabla ya kingine chote kupata joto. Upepo utoke kwenye feni ya mkono ya rimu ya baiskeli. Feni ya umeme ni nzuri mpaka umeme ukatike katikati ya kuyeyusha.

Kausha tanuri kivulini wiki moja, kisha washa moto mdogo wa vijiti kwa saa kadhaa kabla ya kulitia makala kamili. Ukiharakisha, ukuta unapasuka, na sababu ni ileile ya sakafu ya sementi.

Chungu bora ni kile cha grafiti na udongo. Kikikosekana, tumia kipande cha bomba zito la chuma, ukuta wa milimita 5, kilichochomelewa kitako kizima. Kipake ndani uji mwembamba wa udongo, ukauke, uchomwe. Unapunguza chuma kuliwa na alumini. Bomba lililopakwa zinki usilitumie: moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Kagua kitako kwa nyundo kila mara kabla ya kuwasha. Kikitoa mlio mzito badala ya kulia kama kengele, kimeisha.

Sasa mchanga wa kufinyangia umbo, na hapa ndipo ufundi ulipo. Mchanga wa mto uchekeche kwa kitambaa cha chandarua, changanya na udongo mkavu uliosagwa kiasi cha kilo moja kwa kila kilo nane, kisha nyunyizia maji kidogo kidogo huku ukikoroga. Kipimo ni kiganja: finya konzi moja, fungua mkono. Donge libaki na alama za vidole vyote, mkono usilowe. Ukilivunja, livunjike vipande viwili vyenye ukingo safi. Likimong'onyoka ongeza maji kijiko kimoja. Likinata mkononi una maji mengi, tandaza mchanga juani na usubiri. Mchanga wa maji mengi ndio unaotoboa vitu kwa mapovu.

Fremu za kushikia mchanga ni mbili za mbao, ya chini na ya juu, zenye pini za kuzirudisha mahali palepale. Modeli, yaani mfano unaoacha umbo lake mchangani, iwe kubwa kidogo kuliko kitu unachotaka, kwa sababu alumini hupungua karibu asilimia 1.3 ikipoa: milimita 100 hutoka 98 na kitu. Pande zake ziinamie kidogo, zisiwe wima kabisa, ama sivyo itang'oa mchanga ukiitoa. Paka poda ya mtoto au vumbi la makala kati ya fremu mbili. Chimba tundu la kumiminia la upana wa sentimita 2, na juu ya sehemu nene kuliko zote weka kisima cha akiba, cha kuilisha alumini inapopungua, kinene kuliko sehemu hiyo. Choma matundu ya hewa kwa waya mwembamba.

Chungu kijaze robo tatu tu. Kwa kilo moja ya alumini hesabu kilo mbili hadi tatu za makala kwenye moto wa kwanza, kwa kuwa tanuri lenyewe hula joto. Moto wa pili hutumia kidogo. Vaa viatu vya ngozi, suruali ya pamba iliyofunika juu ya viatu (ikiingizwa ndani, kiatu kinakuwa faneli), glavu za ngozi na miwani. Kandambili na nailoni hapana.

Alumini haibadiliki kuwa nyekundu mchana kama chuma kingine, kwa hiyo macho yanadanganya. Chovya fimbo ya chuma iliyopashwa moto: alumini ikishika fimbo kama uji, bado, ikiteleza na kuacha fimbo safi, iko tayari, kati ya nyuzi 700 na 750. Ukiona inang'aa rangi ya machungwa kwenye jua umepitiliza, na alumini ya moto kupita kiasi hunywa haidrojeni ambayo huitoa ikiganda. Usikoroge. Ondoa takataka ya juu mara moja, kisha mimina bila kusita, mkondo mmoja, mdomo wa chungu karibu na tundu, mpaka kisima cha akiba kijae.

Kitu chako cha kwanza kikate katikati kwa msumeno. Vitundu vidogo vya mviringo vilivyotawanyika kila mahali: joto kupita kiasi au mitraye yenye mafuta. Tundu kubwa laini karibu na uso: mchanga uliolowa au uliopigwa mpaka hewa ikakosa njia. Shimo lenye kingo za kukwaruza kwenye sehemu nene: kisima cha akiba kilikuwa kidogo, kikaganda mapema. Mstari kama mshono usioungana: alumini ilikuwa baridi, au ulisimama katikati ya kumimina. Chembe za mchanga ndani: kingo za tundu hazikulainishwa kwa kidole.

Shina (alumini iliyoganda kwenye tundu la kumiminia) na kisima vikatwe, vipigwe brashi ya waya mpaka mchanga uishe, virudi chunguni pamoja na mitraye mpya. Navyo vipashwe ukingoni kwanza.